Mtoto Yupi Atazidiwa Usiku Huu?

Mwezi wa sita mwaka 2021, wimbi la pili la korona lilipotufikia hapa mpakani mashariki mwa Uganda, nilikuwa muuguzi wa zamu ya usiku katika wodi ya watoto. Swali lililonikaa kichwani kila nilipopokea zamu halikuwa nani mgonjwa, kwa kuwa wote walikuwa wagonjwa, bali ni yupi kati yao atakayezidiwa kabla hakujapambazuka. Mitungi ya oksijeni ilikuwa michache, na safari ya kwenda hospitali ya rufaa ilihitaji gari, mafuta na mtoto ambaye bado ana nguvu za kuistahimili.

Tulikuwa tumeambiwa kwamba korona huwapitia watoto kwa wepesi, na kwa walio wengi hilo ni kweli. Lakini mtoto aliyekwisha kulazwa hayuko sawa na yule anayekohoa nyumbani akicheza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliowafuatilia watoto na vijana 469 waliolazwa mwaka 2020 katika nchi sita za Afrika, Uganda ikiwemo, ulionyesha kwamba 39 kati yao walifariki, yaani asilimia 8.3. Waliokuwa hatarini zaidi ni wasiotimiza mwaka mmoja, pamoja na wale waliokuwa tayari na maradhi mengine kama shinikizo la damu, ugonjwa sugu wa mapafu, matatizo ya damu au saratani.

Niliposoma orodha hiyo nilikwama kwenye matatizo ya damu, kwa sababu tulikuwa tumempoteza mtoto wa miaka minne mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi unaoharibu umbo la chembe nyekundu za damu, ambaye alipimwa mara moja tu jioni, karatasi yake ikaandikwa kwamba hali yake inaridhisha, na asiguswe tena mpaka mama yake alipotuita usiku wa manane. Selimundu si jambo geni nchini: uchunguzi wa damu za watoto wachanga uliofanywa mwaka 2014 na 2015 ulikuta asilimia 13.3 wakiwa wamerithi jeni yake kutoka kwa mzazi mmoja, yaani wanaibeba bila kuugua. Tangu usiku ule, hilo ndilo swali langu la kwanza kwa mzazi, kabla hata ya kuuliza homa imeanza lini.

Nchini Marekani, mwezi Januari 2021, taasisi za taifa za afya zilitangaza ufadhili wa hadi dola milioni 20 kwa vikundi vinane vya watafiti, ili vichunguze jeni, protini na viashiria vingine vya mwili na kuvichambua kwa akili bandia, vipate kubashiri ni mtoto yupi atakayeugua vikali au atakayepatwa na ugonjwa ambapo kinga ya mwili husababisha viungo vingi kuvimba kwa ndani, unaojitokeza wiki mbili hadi sita baada ya maambukizi, pamoja na homa isiyoshuka, upele, macho mekundu na maumivu ya tumbo. Naiheshimu kazi hiyo kwa dhati. Hata hivyo, kifaa kilichofundishwa kwa watoto wa huko sharti kijaribiwe kwa watoto wetu, wenye malaria, utapiamlo na selimundu, kabla hatujakiamini.

Nasi hatukuanzia sifuri. Kutokana na jaribio la maji ya dripu lililofanyika Uganda, Kenya na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, watafiti walitengeneza alama za kutambua mtoto mwenye homa aliye katika hatari ya kufa, wakitumia mambo manane yasiyohitaji maabara: joto, mapigo ya moyo, muda ambao damu huchukua kurudi baada ya ngozi kubonyezwa, fahamu, kupauka sana, kuhema kwa taabu, sauti za mapafu na udhaifu wa mpigo wa mshipa wa damu. Alama hizo hazikutungwa kwa ajili ya korona, lakini zinaonyesha kwamba macho na vidole vya muuguzi vinaweza kubashiri mengi.

Namkumbuka mtoto wa miezi saba aliyeletwa katika wimbi lile. Saa mbili usiku nilimfunua kifua nikatulia nikiangalia.

“Sista, mbona unamtazama tu?”

“Ninahesabu pumzi zake, mama. Nipe dakika moja kamili.”

Zilikuwa 48, na oksijeni ya damu, kwa kipimo kinachobanwa kidoleni, asilimia 95. Kwa umri wake, pumzi 50 kwa dakika ndicho kiwango cha hatari, kwa hiyo kwa kipimo cha mara moja angeonekana salama. Saa sita zilikuwa 58, oksijeni 92, na mama akaniambia ameacha kunyonya. Kipimo cha kidoleni nakitumia kwa tahadhari, maana kwa wagonjwa weusi kimeonekana kusoma juu kuliko ukweli. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2020, uliofanywa kwa watu wazima, ulikuta kinashindwa kugundua upungufu karibu mara tatu zaidi kwa weusi kuliko kwa weupe. Sikungoja oksijeni ya mtoto ishuke chini ya asilimia 90. Nilihamishia kitanda chake karibu na mtungi, nikamwita daktari, na saa tisa, pumzi zilipofika 66 na mbavu zikibonyea kila akivuta hewa, mpira wa oksijeni ulikuwa umekwisha kuwekwa puani.

Alikaa nasi siku tisa. Karatasi yake ilijaa namba upande wa mbele na wa nyuma, na asubuhi ya kumruhusu niliandika ya mwisho: pumzi 36, ananyonya.