Aliyepitwa uwanjani

Jumapili, saa tatu usiku. Mvua haijakatika tangu adhuhuri. Mechi niliyokuwa niende kuiripoti imeahirishwa, nikashinda ndani nikimfikiria Sawaki Kotaro, mwandishi wa Kijapani.

Bwana huyu alizaliwa Tokyo mwaka 1947, akasomea uchumi, akapata ajira ambayo mzazi yeyote angeitangaza mtaa mzima. Mwaka 1970, siku ya kwanza kuripoti kazini, anatembea kuelekea maofisini Marunouchi, mvua inanyesha. Akasimama kungoja taa za barabarani, na hapohapo akaamua kuacha kazi. Kwetu angeitiwa kikao cha ukoo.

Akageukia uandishi wa habari za kweli, na macho yake yakawafuata walioshindwa. Mwaka 1976 alitoa kitabu cha wanamichezo wa aina hiyo. Anayeninyima usingizi ni mmoja wao, mkimbiaji Tsuburaya Kokichi.

Ni tarehe 21 Oktoba 1964, marathoni ya Olimpiki, Tokyo. Abebe Bikila wa Ethiopia ameshamaliza kitambo, yuko kwenye nyasi ananyoosha viungo. Wa pili kuingia uwanjani ni Tsuburaya, askari, na uwanja unalipuka. Nyuma yake anakuja Mwingereza, Basil Heatley. Inasimuliwa kwamba baba yake Tsuburaya alimkanya tangu utotoni asigeuke nyuma akiwa anakimbia. Hakugeuka. Akapitwa mbele ya watu wake, akakosa medali ya fedha kwa sekunde zisizofika nne.

Mimi ningeandika "Mwingereza ampiku Mjapani dakika za lala salama", halafu ningeenda kula.

Shaba ile ndiyo medali pekee ambayo Japani ilipata kwenye riadha mwaka ule, lakini yeye aliibeba kama deni la kulipa kwenye Olimpiki ya Mexico, 1968. Mkubwa wake jeshini akazuia ndoa yake mpaka Mexico ipite, uchumba ukavunjika. Mwili nao ukamgomea. Januari 1968 akajiua, ana miaka 27, akaacha barua.

Barua hiyo ndiyo aliyoishika Sawaki. Inaanza na chakula. Anawashukuru wazazi kwa kiazi kikuu cha kusaga alicholishwa mwaka mpya, kwa matunda makavu, kwa mochi, zile keki za mchele: vilikuwa vitamu. Halafu anawashukuru kaka na mashemeji, mmoja baada ya mwingine, huyu sushi, huyu divai na tufaha. Vilikuwa vitamu, vilikuwa vitamu. Mwishoni anawaambia baba na mama kwamba amechoka kabisa, hawezi kukimbia tena.

Baadaye Sawaki alivuka mstari ambao mhariri wangu angenifukuzia kazi. Bondia Cassius Naito alipotaka kurudi ulingoni, Sawaki hakukaa pembeni na daftari. Alihangaika mwenyewe kumtafutia pambano, wakafika mpaka Seoul, Naito akapigwa. Kitabu kikatoka mwaka 1981, na mwandishi mwenyewe yumo ndani. Bado sijaamua kama nakubali. Ila angalau hakupita tu.

Jumapili iliyopita kipa mmoja wa ligi ya mtaa alifungwa bao la kizembe dakika ya 90. Nilimkuta amekalia ndoo iliyopinduliwa, anakwangua tope kwenye daluga kwa kijiti. Nikamuuliza jina lake linaandikwaje, nikaondoka.

Sijui alikula nini usiku ule.