Nilivyoifufua kompyuta yangu ya gemu bila kuiuza

Kila niliyemwomba ushauri alinipa jibu moja: uza hiyo, ongezea hela, nunua ya kisasa. Fundi mmoja wa hapa Ngamiani, Tanga, hata kasha hakulifungua. Aliuliza prosesa gani, yaani ubongo wa kompyuta, nikamwambia Core i5-3470, akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, hiyo ni ya 2012. Hiyo haiwezi gemu, unajichosha bure."

Jibu lile linanikera mpaka leo. Gemu tunayoipenda mimi na mdogo wangu ni GTA V, na walioitengeneza, walipoitoa kwa ajili ya kompyuta mwaka 2015, waliandika wenyewe vifaa wanavyopendekeza: prosesa i5-3470, RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 8, kadi ya grafiki ya GTX 660. Prosesa yangu imetajwa kwa namba yake kabisa. Sasa fundi anaizikaje wakati wenye gemu wenyewe wameikubali?

Kompyuta yenyewe ni Dell OptiPlex 7010, lile kasha kubwa la kusimama, moja ya zile za ofisini zinazoletwa mtumba. Ilikuwa na RAM ya GB 4, diski ngumu ya GB 500 na kadi ndogo ya GT 730. Gemu ilikuwa inafunguka, ila unaweza kwenda kununua mkate ukarudi ukaikuta bado inapakia. Ukiendesha gari kwa kasi, barabara inachelewa kutokea mbele yako.

Kabla ya kutoa hata shilingi niliangalia kwanza inakwama wapi, na hili ndilo jambo ambalo hakuna fundi hata mmoja aliyeniambia. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kitafunguka kidirisha cha Windows kinachoonyesha kila kifaa kinavyofanya kazi. Kiache wazi, ingia kwenye gemu, cheza, halafu rudi ukisome. Kwangu RAM ilikuwa imejaa pomoni, diski iko asilimia 100 muda wote wa kupakia, kadi ya grafiki nayo iko juu kabisa, na prosesa ndiyo pekee iliyokuwa na nafasi ya kupumua. Ningewasikiliza waliosema nibadilishe prosesa, hela yangu ingeishia kwenye kifaa pekee ambacho hakikuwa na shida.

Nikaanza na RAM kwa kuwa ndiyo rahisi. Aina yake ni DDR3, na za mtumba ziko tele. Nilichukua mbili za GB 4 zinazofanana, ile ya zamani nikamwachia muuzaji akanipunguzia bei, jumla haikufika elfu arobaini. Kuna anayesema moja ya GB 8 ni sawa na mbili za GB 4. Kwa ujazo ni kweli, kwa kasi si kweli. DDR3 ya 1600 ikiwa peke yake inapitisha GB 12.8 kwa sekunde, zikiwa mbili kwenye njia mbili zinapitisha 25.6. Kwenye Dell hii zinaanza kukaa kwenye sloti zenye vishikizo vyeupe.

Nikazichomeka, nikawasha. Feni inazunguka, taa ya kuwashia inamweka rangi ya chungwa, skrini giza. Nikampigia muuzaji, akasema mazabodi yangu, ule ubao mkuu wa kompyuta, inakataa RAM zake, nirudishe akaniuzie aina nyingine ya bei kubwa zaidi. Mazabodi ile inapokea DDR3 ya kawaida mpaka GB 32, kwa hiyo nikajua jibu haliko hapo. Nikaichomoa moja nikaisogeza kwenye taa. Ile mistari ya dhahabu iliyoko ukingoni haikuwa inang'aa. Ilikuwa imefifia, na penye pembe moja kulikuwa na ukijani mwembamba sana, usiouona mpaka uigeuzegeuze. Sisi tuko pwani. Hewa ya Tanga ina unyevu na chumvi, na RAM iliyokaa miezi kwenye droo la duka bila mfuko hupata kutu ya namna hiyo.

Dawa yake ni kifutio cheupe cha penseli. Usichukue kile kigumu cha kufutia wino, kinakwangua. Sugua taratibu kutoka juu ya mistari kushuka ukingoni, usisugue kwa kukatisha mistari. Utaona kifutio kinachafuka cheusi na dhahabu inarudi. Kisha pamba ya masikioni yenye spiriti ya duka la dawa, pitisha pande zote mbili, acha ikauke yenyewe. Sloti nazo zipitishie brashi laini. Wakati wa kurudisha, bonyeza pembe zote mbili mpaka usikie vishikizo vyote viwili vinalia. Nikawasha, GB 8 zote zikahesabiwa. Nilifurahi mno. Tangu siku hiyo mtaa mzima unaniletea RAM "zilizokufa", na nyingi zinaamka kwa kifutio tu.

SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, sina mengi ya kusema. GB 240, elfu sitini na kitu, na hakuna hela yoyote niliyotumia iliyoleta tofauti kubwa machoni kama hiyo. Nilinakili kila kitu kutoka diski ngumu ya zamani kwa programu ya bure. Mahali pa kuifunga hapakuwepo, nikachomoa waya za kisomea DVD nikazipa SSD, nayo nikaibandika kwa gundi ya karatasi ya pande mbili, maana ndani yake hakuna kinachozunguka. La kuangalia ni tundu la mazabodi: mawili tu ya kwanza ndiyo ya kasi ya gigabiti 6, mengine ni ya 3. Nikiwa nimefungua hivyo hivyo nikang'oa feni ya prosesa na kubadilisha pesti ya joto kati yake na prosesa, iliyokuwa imekauka kama udongo wa ukuta. Kelele ya feni ikapungua palepale.

Ikabaki kadi, na hapo ndipo ushauri mbovu ulipokuwa mwingi kuliko kote. Wa kwanza akasema lazima ninunue pawa saplai, kile kifaa cha kugawa umeme, ya wati 500. Wa pili akaniletea RX 570 kwa bei ya kuvutia. Kadi hiyo inakula kama wati 150 na inataka waya wake wa umeme, ambao Dell hii haina. Akasema tutaunganisha kutoka kwenye waya za diski. Nikakataa. Pawa saplai yangu ni ya wati 275. Prosesa imeandikwa wati 77, na sloti ya kadi inatoa mpaka wati 75. Kwa hiyo nikatafuta kadi inayotosheka na wati 75 za sloti bila waya wa ziada: GTX 1050 Ti ya GB 4. Jumlisha na diski na feni, hufiki wati 200.

Mtu mmoja aliyekuwa anaitangaza kwenye simu akaniandikia kwamba anayo, mpya, ndani ya boksi, bei chini ya wengine wote. Nikamwambia monita yangu ni ya zamani, ina VGA tu, lile tundu la zamani la waya wa picha. Akajibu haraka: "Kaka umepata bahati, hii yangu ina VGA kabisa. Adapta ya nini?" Akanitumia picha ya upande wa nyuma, na kweli, tundu la bluu la VGA liko pale.

Tundu lile ndilo lililomuumbua. Kadi za familia ya Pascal, zilizoanza kutoka mwaka 2016, na 1050 Ti ni mmojawapo, hazitoi VGA. NVIDIA, watengenezaji wa chipu hizo, waliiondoa kwenye chipu yenyewe. Kwa hiyo 1050 Ti yenye VGA ni kadi nyingine iliyovalishwa jina. Sikumwambia kitu. Nikamwandikia kwa adabu: "Kaka, naomba uichomeke, ufungue GPU-Z, unipigie picha, nitume hela leo." GPU-Z ni programu ya bure inayosoma chipu ya kadi. Kimya. Baadaye ikaja picha ya boksi. Nikarudia ombi langu. "Kaka unanunua au unanipotezea muda?" Nikamwambia hela iko kwenye simu, nasubiri picha tu. Mwishowe akaituma, nadhani hakuisoma. Mbele ya jina la kadi GPU-Z ilikuwa imeandika neno FAKE kwa herufi kubwa, na kwenye mstari wa chipu ilisomeka GF116. Hiyo ni chipu ya GTX 550 Ti ya mwaka 2011, yenye viini 192. 1050 Ti halisi ina chipu ya GP107 na viini 768. Nikaizungushia duara jekundu ile GF116 nikamrudishia. Akaniuliza nani kanifundisha, na mazungumzo yakaishia hapo.

Niliyoinunua ilitoka kwa kijana wa Dar aliyekuwa anahamia kwenye laptopu. Huyu nilipomwomba picha alinitumia video, GPU-Z imefunguliwa, gemu inacheza, joto linaonekana. Laki mbili na ushee. Kifurushi kikaja na basi, nikakifuata stendi ya Kange.

Kuhusu adapta, dukani walitaka kunipa kile kichwa kidogo cha kugeuza DVI, tundu jingine la waya wa monita, kuwa VGA. Angalia tundu la DVI la kadi yako: kando ya ule mpasuo mrefu wa bapa, DVI yenye VGA ndani huwa na vitundu vinne vidogo, viwili juu na viwili chini. Ya 1050 Ti haina, kwa hiyo kichwa kile hakiingii. Kinachofaa ni adapta ya HDMI kwenda VGA, ile yenye saketi ndani, elfu kumi na kitu. Na waya wa monita uchomekwe kwenye kadi, usiurudishe kwenye tundu la mazabodi.

Jumla ya yote haikufika laki nne, wakati ile ya kisasa niliyoambiwa ninunue ilianzia milioni na kitu. GTA V sasa iko fremu 60 kwa sekunde karibu muda wote, mpangilio wa juu. Niliyopunguza ni ubora wa majani, maana nje ya mji yanaielemea kadi, na kwenye kulainisha kingo za picha nimezima MSAA, iliyo nzito, nikaacha FXAA, iliyo nyepesi. Barabara inatokea kwa wakati wake. Mdogo wangu alikaa kimya akazunguka mji mzima kwa pikipiki, kisha akasema, "Kumbe kulikuwa na mabango!"

Mwenye mashine kama yangu, siku ukitaka prosesa, i7-3770 inaingia tundu lile lile. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa hizi, kwa hiyo mambo ya benki na nywila nayafanyia kwingine, hii nimeiachia gemu. Mwenye lile kasha jembamba la OptiPlex atafute 1050 Ti ya kimo kifupi, ya kawaida haifungi. Pima kwa rula kabla hujatuma hela, na picha ya GPU-Z udai vilevile.