Kiazi kilivyoniokoa darasani Busan

Mwaka wangu wa kwanza wa kusoma Kikorea hapa Busan, Korea Kusini, mwalimu alitaka kila mmoja wetu azungumze dakika tano kuhusu mtu wa kale. Nikakimbilia wajumbe wa Joseon, ufalme wa Korea ya zamani, waliotumwa Japani, kwa kuwa makumbusho yao yako humu humu mjini. Nilijitia kitanzi. Misafara 12, tangu 1607 hadi 1811, kila mmoja na watu mia kadhaa, na shajara zao nyingi zimeandikwa kwa herufi za Kichina. Hata Wakorea wengi husoma tafsiri. Wiki nzima nilinakili tarehe. Nikizisoma kwa sauti nasinzia mwenyewe.

Kisha nikakutana na Jo Eom, kiongozi wa msafara wa 1763. Msomi aliyefaulu mitihani ya ufalme, amebeba barua ya mfalme kwenda kwa shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, kule Edo, Tokyo ya leo. Kufika kisiwa cha Tsushima tu, macho yakamganda kwenye kiazi kitamu. Akaandika kwamba huliwa kibichi, cha kuchoma au cha kuchemsha, na ladha yake ni kama njugu za chestinati zilizochomwa nusu. Akatuma viazi vya mbegu Busan papo hapo, na aliporudi 1764 akabeba vingine. Jina alilolisikia kisiwani akaliandika gogwiwima. Leo Wakorea wanasema goguma.

Sasa mimi ni mtoto wa Gairo, kule Morogoro kwenye viazi. Kiazi kitamu unanieleza nini?

Tarehe zote nikazitupa, nikabaki na swali moja: kwa nini alituma viazi, si marando, yale mashina yanayotambaa, kama tunavyopanda kwetu? Jibu langu, na hili ni la mkulima si la mwanahistoria, ni kwamba majira ya baridi yalikuwa yanaingia; marando yangekufa, kiazi kikitunzwa kinasubiri. Kukitunza ndiyo kazi, maana baridi inakiozesha. Kang Pil-ri, mkuu wa Dongnae, eneo lililo ndani ya Busan ya leo, ndiye aliyekikazania mpaka kikakubali udongo.

Neno la Kikorea la marando sikuwa nalo, nikachora tuta ubaoni. Darasa likacheka, nikapata pumzi. Dakika tano zikawa tisa.

Mwalimu, aliyekulia shamba, akasema kwao wanamenya vikonyo vya majani na kuvikaanga.

“Na majani yenyewe?”

“Tunatupa.”

Jumamosi iliyofuata akaniletea mfuko mzima. Nikayapika na nazi ya kopo.