Pasi ya Nyuma

"Yai hili la nani?" mama jirani aliuliza, akichomoza kwenye nyasi zake za nepia huku kaukumbatia mpira wetu wa raga. Ilikuwa mara ya tatu jioni ile.

"Letu, Mama. Utusamehe."

Akaurusha. Ukadunda kushoto, ukadunda kulia, ukarudi kwenye nepia. Hata yeye akacheka.

Ilikuwa Mei 2016, katika shule moja ya kutwa Kaunti ya Vihiga, ambako chuo kilikuwa kimenituma kwa mazoezi ya kufundisha. Kazi yangu ilikuwa Kiswahili na Historia. Raga nilijitwika mwenyewe. Aprili 17 Kenya ilikuwa imeitandika Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore, taji letu la kwanza kwenye msururu wa dunia wa raga ya wachezaji saba. Collins Injera, aliyesoma sekondari huko huko Vihiga, alikuwemo kikosini. Nikaona moto ungali unawaka, acha niuchochee. Nisichowaambia vijana ni kwamba chuoni nilikuwa mtu wa benchi. Mechi nzima nimecheza moja tu, na tulipigwa.

Uwanja ulikuwa wa soka, umeinama kuelekea mtoni, milingoti ya goli ni mikaratusi isiyobambuliwa maganda. Mpira tulikuwa nao mmoja, tena wa kuazima. Wa pili vijana waliufunga wenyewe: juala ndani ya juala, juu kamba ya katani, wakaufinyanga hadi ukawa kama papai. (Marufuku ya mifuko ya plastiki ilikuja mwaka uliofuata.) Kuangushana nilikataza kabisa, maana sikutaka mzazi anijie na mtoto aliyevunjika shingo. Nilichana leso kuukuu, kila mmoja akachomeka vipande viwili kiunoni. Ukinyofolewa kimoja, unatoa pasi.

Sasa hiyo pasi ndiyo iliyonitoa jasho. Mtoto amelelewa na soka, leo unamwambia kwenye raga mpira haurushwi mbele kwa mkono! "Nyuma! Pasi nyuma!" nilipaza sauti. Kijana mmoja mrefu wa kidato cha pili akafunga breki, akageuka mwili mzima kutazama goli lao wenyewe, akavurumisha mpira kama anayefukuza mbwa. Ukampata refa, yaani mimi, tumboni. Mwenzake akaurusha juu ya kichwa bila kutazama, kama mtu anayemwaga maji machafu. Nami nikawa narudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi, ugonjwa wetu walimu.

Pembeni, juu ya jiwe mojawapo la yale majabali ya Maragoli, waliketi wasichana watatu wa kidato cha tatu. Walikuwa wakingoja zamu ambayo, nikisema kweli, sikuwa nimepanga kuwapa. Mmoja wao akaita:

"Mwalimu, mwenye mpira hana kosa. Hawa wengine wote wamemtangulia. Atampa nani?"

Nikatazama upya. Kweli, mmoja akishapata mpira, sita waliobaki walikuwa wakitimka mbele, mikono juu, wakiuomba kama wanavyofanya kwenye soka. Nyuma yake palikuwa na nyasi tupu. Kumbe pasi ya raga huanzishwa na asiye na mpira: anabaki hatua kadhaa nyuma, kidogo ubavuni, anaita. Mwenye mpira haachi kukimbia mbele, anapinda kiuno tu na mikono inafuata. Kocha wangu wa chuo alikuwa ameimba hayo miaka mitatu, nami nikiwa benchi natafuna miwa.

"Njoo uwapange," nikamwambia.

Alivua sweta, akalikunja juu ya jiwe, akawasimamisha mshazari kama korongo wanaoruka. "Ukimpita mwenye mpira, umekufa," akawaambia. Yeye mwenyewe akajiweka wa mwisho kwenye mstari, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini.

Papai likaanza kutembea. Mkono wa kwanza, wa pili, likaponyoka, tukaanza upya. Mama wa nepia aliporudisha mpira wenyewe, tukautumia. Mikono minne ikapokezana, wa nne wa yule msichana. Akapinda kiuno, akamwachia yule mrefu aliyekuwa akimfuata kwa mbio. Kijana akakata mstari katikati ya mikaratusi, akauinua mpira juu, akaanza kucheza ngoma ya isukuti.

"Bado!" nilipiga kelele, maana trai, yaani bao la raga, si trai mpaka mpira uguse ardhi. "Chini! Weka chini!"

Akanitazama, akaona sina mzaha. Akaketi taratibu kwenye tope, mpira kaushika juu ya kichwa usichafuke.