Siku moja kwenye chumba cha dripu: ganzi huulizwa kabla ya dawa

Saa 1 asubuhi. Benchi limeshajaa. Wagonjwa wa saratani kutoka Kondoa na Manyoni walilala hapa mjini Dodoma tangu jana. Tunapima uzito na kupitia majibu ya damu.

Saa 2. Hapa ndipo penye kazi. Kwa saratani ya matiti, wengi wako kwenye pakilitakseli, dawa ya saratani ya dripu, ya kila wiki. Dawa hii hukaza maikrotubuli, vijiti vya ndani ya seli, hivyo seli ya saratani inashindwa kugawanyika. Bahati mbaya mishipa ya fahamu husafirishia mahitaji yake kwenye vijiti hivyohivyo, na mrefu zaidi huumia kwanza, ndiyo maana ganzi huanzia vidole vya miguu, kisha vya mikono, pande zote mbili. Ganzi ya kwapa na mkono wa juu, upande uliopasuliwa tu, kwa kawaida ni ya mshipa uliokatwa au kuvutwa wakati wa kutoa tezi za kwapa.

Ukiuliza "Mama, una ganzi?" utajibiwa "hapana, sijambo". Wanaogopa dripu itafutwa. Uliza kama ndala humvuka bila kujua, kama mchele unachambulika, kama sarafu inaokoteka mezani. Akishindwa kupika au kuhesabu pesa, daktari hupunguza dozi. Akishindwa kuvaa mwenyewe, dawa inasimama.

Saa 4. Mama wa kilo 60 na sentimita 160 ana eneo la uso wa mwili la mita za mraba 1.63; kwa miligramu 80 kila mita ya mraba, dozi ni kama miligramu 130. Inachanganywa kwenye mililita 250 na kwenda kwa saa 1, kwa mpira usio wa PVC (plastiki ya kawaida ya mipira ya dripu) wenye kichujio, maana mafuta ya dawa hii hunyonya kemikali za plastiki. Deksamethasoni (steroidi) na dawa za mzio hutangulia kama nusu saa. Dakika 10 za kwanza hatuondoki kitandani: kifua kikibana au uso ukiwa mwekundu, funga dripu kwanza, maswali baadaye.

Saa 7. Chakula, kwa zamu.

Saa 8. Wanaoruhusiwa wanapewa maelekezo: viatu vilivyofunika vidole (miiba ya Dodoma haibishi hodi), maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko. Kidonge cha duloksetini hutuliza maumivu ya mishipa, ganzi yenyewe haiiondoi. Vidonge vya "kujenga mishipa" vinavyouzwa mtaani tunavikataa waziwazi: vitamini B6 ikizidi huharibu mishipa hiyohiyo, na asetili-karnitini, kirutubisho cha vidonge, ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya matiti iliongeza ganzi.

Saa 9 na nusu. Simu: mgongo unauma usiku, miguu imelegea ghafla, mkojo hautoki. Hiyo si pakilitakseli. Huenda saratani imebana uti wa mgongo. Aletwe leo hii, amelazwa chali, aanzishiwe deksamethasoni na kupigwa MRI (picha ya uti wa mgongo). Asisubiri kliniki ya wiki ijayo, kwani miguu ikishapooza kabisa mara nyingi hairudi.