Kikundi chetu cha pikipiki Dodoma kimekufa mara mbili na bado kipo

Juzi nilikuwa soko la Majengo nachagua vitunguu, akaja jamaa tuliyepotezana siku nyingi akaniuliza, "Ticha, lile genge lenu la pikipiki bado lipo?" Nikamwambia lipo, Jumamosi njoo. Akabaki ananiangalia tu. Yeye alijua tulishasambaratika tangu kipindi kile cha tisheti. Na wala hakukosea, tulisambaratika kweli, tena mara mbili, ndo maana nimeona niandike ilivyokuwa maana watu wananiulizaga unawezaje kukaa na watu miaka yote hiyo kwa kitu ambacho hakina hata posho.

Tulianza 2017. Kipindi kile si mnakumbuka, tangazo la serikali kuhamia Dodoma lilitoka Julai 2016, mwaka uliofuata mji ukaanza kujaa wageni, kodi za nyumba Area C na Area D zikapaa, sisi wenyeji tukawa tunashangaa foleni. Mimi nafundisha sekondari, nakaa Nkuhungu. Pikipiki yangu ni Honda XL 125 ya marehemu baba mdogo, alikuwa bwana shamba huko Bahi, enzi hizo mabwana shamba ndo walikuwa wanaonekana nazo hizo au Yamaha. Ilikaa stoo miaka mingi kuku wanatagia juu ya siti. Nilivyoileta mjini kuifufua ndo nikakutana na fundi mmoja wa Chang'ombe, na kwa fundi ndo nikakutana na mzee mstaafu wa reli mwenye Yamaha DT 125, na dogo mmoja wa bodaboda mwenye Boxer. Wanne. Hakuna aliyesema tuanzishe kikundi, tulikuwa tu tunakaa pale gereji mpaka giza linaingia tunabishana kuhusu oili.

Halafu wakaja wageni. Wafanyakazi wa wizarani, mmoja wa benki, dada mmoja nesi ana kapikipiki kake kadogo anajua kukaendesha kuliko wanaume wengi humu, na mkubwa mmoja ana Honda Africa Twin, ile siti ukikaa unaona mji wote. Tukawa kama kumi na nne. Sasa kosa letu la kwanza ni kwamba tuliamini kikundi cha pikipiki maana yake ni safari. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi lazima tutoke. Na kwa kweli safari ni tamu, siwezi kudanganya. Ya kwanza tulienda Kondoa mpaka Kolo kwenye michoro ya mapangoni, ile iliyoingizwa urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2006. Dogo wa boda alivyoonyeshwa akasema hii mbona kama amechora mdogo wangu wa chekechea, yule muongozaji akacheka akamwambia mdogo wako ana miaka mingapi maana hizi zina maelfu.

Safari ya pili dogo alikuja. Ya tatu hakuja. Ya nne hakuja. Nikipiga simu anasema anaumwa. Mimi kwa ujinga wangu nikaanza kusema vijana wa siku hizi hawana msimamo. Mpaka siku nimepita kwao Chang'ombe kumjulia hali, mama yake ananiambia, "Mwalimu mwanangu haumwi, ila mkimchukua Jumapili hesabu ya tajiri anaitoa wapi?" Nilijisikia vibaya mpaka maji ya kunywa yalinikwama. Pikipiki ile haikuwa yake, alikuwa nayo kwa mkataba, kila siku lazima apeleke hesabu kwa mwenye chombo apate abiria asipate. Sisi tukienda Kondoa kula upepo yeye analipa mafuta, analipa chakula, halafu na hesabu anaitoa mfukoni. Ameenda mara mbili kwa kukopa. Na asingeniambia kamwe, anaona aibu mbele ya watu wa wizarani.

Kabla sijajua nifanyeje kuhusu hilo ikaja tisheti. Wageni wakataka sare, sawa, tukachanga 25,000 kila mtu, hela zote zikaja kwenye simu yangu kwa sababu mimi ndo ticha, mwaminifu. Mchapishaji akala miezi miwili. Zilivyokuja mgongoni zimeandikwa WAPEDA PIKIPIKI DODOMA. Wapeda! Herufi moja tu imeruka. Nusu ya watu wakacheka nusu wakakasirika, wengine wakataka warudishiwe, mchapishaji simu haipokei, minong'ono ikaanza kwamba ticha bei ilikuwa ndogo hapo kuna cha juu amekula. Sikula hata mia. Lakini utathibitishaje wakati hela ilikuwa kwenye simu moja na hakuna aliyeandika popote? Nikanuna na wao wakanuna, miezi nane hakuna mtu anayemtafuta mwenzake. Hicho ni kifo cha kwanza.

Kilichotufufua ni mwiba. Ambaye hajaendesha pikipiki Dodoma hajui miiba ya migunga, ile mirefu myeupe, inaingia tairi kama sindano, na kiangazi upepo unaitupa mpaka katikati ya barabara. Nilikuwa natoka Hombolo peke yangu, tairi la mbele likaisha upepo, sina tyubu, sina pampu, nina bisibisi moja na chupa ya maji. Nikampigia fundi. Sikutegemea aje, ila baada ya saa moja na nusu nikamwona anakuja na dogo kwenye Boxer, wamebeba tyubu na mabeseni yao ya vifaa kama wanahama. Tukakaa chini ya mbuyu tukafungua tairi, tulivyomaliza hakuna aliyeondoka, tumekaa pale mpaka jua linazama tunaongea, tisheti tukaicheka mpaka machozi.

Nikarudi nyumbani nikawa nimeshaelewa. Jumamosi iliyofuata nikatandika mkeka chini ya mwarobaini hapa nyumbani, nikatoa spana zangu zote, nikawaambia wachache waje saa kumi, kila mtu aje na chombo chake na ubovu wake. Basi. Hakuna safari, hakuna sare. Dogo anakuja kati ya abiria na abiria, hapotezi hesabu, na akiondoka cheni yake imekazwa na kupakwa oili bure, maana yake ameingiza, hajatoa.

Na kazi hapa haiishi, kwa sababu ya vumbi. Watu wa pwani wakija wanaendesha vilevile kama walivyozoea halafu wanashangaa pikipiki inakunywa mafuta na haina nguvu. Sisi mvua tunapata kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, zaidi ya hapo ni vumbi jekundu tu na kuanzia Julai upepo nao unazidi. Eya klina ya sponji ukiiacha miezi mitatu ukiifungua unaweza kupanda karanga. Tunaiosha, tunaikausha kivulini, tunaipaka oili kidogo tunaikamua, halafu ndo inarudi. Ukirudisha kavu vumbi linapita moja kwa moja linaenda kusaga ringi na silinda. Plagi tunaisafisha kwa brashi tunaangalia uwazi wake, 0.6 mpaka 0.7 ya milimita, nesi ndo ana kile kipimo cha bapa na hamkopeshi mtu. Fundi naye kila akipata mgeni lazima ahubiri ile hadithi yake ya namba za injini, kwamba ukiona pikipiki ya Kichina imeandikwa 162FMJ ile 62 ni upana wa silinda kwa milimita, na kwamba karibu ukoo wote ule umenakiliwa kutoka Honda CG 125 ya mwaka 1976, injini ya fimbo, yaani valvu zinasukumwa na fimbo, iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya watu wasiojali kubadilisha oili. Hapo huwa ananiangalia mimi.

Hela nikaitoa mikononi mwangu kabisa. 3,000 kwa mwezi, mweka hazina nesi, daftari la kawaida la shule, kila Jumamosi ya kwanza anasoma kwa sauti nani katoa nini kimenunuliwa, hata gundi ya pancha ya mia tano inasomwa. Mwanzoni wanaume waliona kama anawadhalilisha, sasa hivi akichelewa kusoma wanamkumbusha. Hela inanunua tyubu, gundi, oili, na mchango wa msiba au mgonjwa. Tisheti ni mwiko.

Wageni nao wakaanza kurudi mmoja mmoja, akiwemo mkubwa wa Africa Twin, na kwa kuwa binadamu tunasahau, mtu akasema jamani twendeni Mtera mara moja tu kula samaki. Kama kilomita 130 hivi, barabara ya Iringa, lami tupu. Tukaenda. Hapa sasa ndo kifo cha pili.

Asubuhi kituo cha mafuta, mkubwa kwa moyo wake mzuri akasema leo mafuta ya mzee wa reli nalipa mimi, jaza fulu. Mzee alikuwa amevuka barabara kununua maji. DT ni injini ya stroku mbili, oili inachanganywa na petroli, na ya mzee pampu yake ya oili ilishatolewa miaka na fundi sijui yupi, kwa hiyo oili lazima umimine mwenyewe tankini, yeye anapima kwa kichupa cha dawa ya kikohozi, mililita 40 kila lita. Karudi kaona tanki limejaa kauliza, "Mmeweka?" Dogo akajibu, "Tumeweka mzee." Mzee anaulizia oili. Dogo anajibia petroli. Na mimi bana, sitajisamehe, tumefika huko mbele namfuata kwa nyuma namwambia tulipopumzika, "Mzee leo chombo chako safi, hata moshi hakitoi!" Nikamsifia kabisa. Stroku mbili inachoma oili, lazima itoe moshi, isipotoa ujue oili haimo!

Tulishapita Fufu tunaelekea Chipogolo, nikaona tairi la nyuma la DT limeganda limechora mstari mweusi kwenye lami, mzee kwa bahati akakamata klachi haraka, hakuanguka. Injini imeshika, pistoni imenasa ndani ya silinda kwa kukosa oili. Mimi, fundi, dogo na nesi tukasimama. Wenye mapikipiki makubwa walikuwa mbele zamani, walifika Mtera wakala samaki wakapiga picha kwenye bwawa, simu zao hazishiki. Tumekaa juani karibu masaa manne na mzee wa miaka sitini na kitu mpaka tukapata kirikuu ya kurudi mjini. Njiani mzee hakuongea kabisa. Tulivyomshusha kwake akasema tu asanteni wanangu, akafunga geti. Jumamosi hakuja. Jumamosi nyingine hakuja, na fundi naye akasusa, akasema hawezi kukaa mkeka mmoja na watu wanaoacha mzee barabarani.

Nilikaa wiki tatu nikitunga maneno ya kuwapatanisha, sikuyatumia hata moja. Nilimfuata mkubwa ofisini nikamweleza ile habari ya oili. Hakuwa anajua! Alidhani mzee kanuna kwa sababu waliwahi kufika. Akanyamaza muda, akasema twende sasa hivi. Tukaenda na gari lake, amevaa tai, kafika pale getini, "Shikamoo mzee, ile injini niliiua mimi." Mzee akamwangalia. "Marahaba. Uliua wewe, alijibu dogo, na mwenye pikipiki hakuonja tanki lake. Tuko watatu hapo." Halafu akatuletea viti.

DT ililetwa mwarobainini kwa mkokoteni. Silinda ilikuwa na michirizi, haikupona kwa msasa, ikapelekwa kuchongwa na kuwekewa pistoni ya ovasaizi, ile kubwa kidogo kuliko ya mwanzo, mkubwa akagharamia lakini mzee akamwekea sharti kwamba hela peke yake hataki, aje afunge na mikono yake. Jumamosi tatu mfululizo mtu wa tai kakaa kwenye mkeka anaosha kabureta kwa mswaki, fundi anamgombeza kama saidia fundi wake. Siku ilivyowaka kwa kiki ya tano, moshi ukajaa mpaka jirani akaja kuuliza mnachoma nini, tukashangilia moshi kama goli.

Safari bado zipo, mara mbili kwa mwaka, lakini anayekwenda polepole ndo anatangulia na hakuna wa kumpita, na oili ya DT inapimwa mzee anaona. Tyubu za 21 tunabeba mbili, hiyo ndo siri tuliyogundua baadaye, tairi la mbele la XL yangu, la DT na la ile Africa Twin yote ni inchi 21, na ikibidi hata kwenye tairi la nyuma la inchi 18 inaingia ikakufikisha. Mkubwa ameshaokolewa na tyubu yetu mara moja njia ya Bahi na imeandikwa kwenye daftari, anadaiwa.

Mwezi uliopita nilikuwa nasahihisha mitihani, nikawaambia Jumamosi sitakuwepo. Ufunguo wa sanduku la spana siku hizi anakaa nao dogo, na Boxer sasa ni ya kwake, mkataba aliumaliza. Nimerudi jioni nakuta watu tisa chini ya mwarobaini na XL yangu imefunguliwa yote imetandazwa kwenye mkeka, wanasema ilikuwa inatoa mlio. Ndani ya boksi la eya klina wametoa manyoya ya kuku, ya huko huko Bahi, miaka yote hiyo nilikuwa nasafisha sponji tu sijawahi kuingiza mkono nyuma yake. Wakairudishia vizuri, inawaka kiki moja, ila boliti moja ya boksi haikuonekana na mpaka leo kila mtu anasema siyo yeye. Nimefunga kwa waya.