Nilivyomlinda kichanga asimeze vitu

Kichanga wa wiki chache hawezi kuokota kitu akakitia mdomoni. Uwezo huo huanza kujitokeza kwenye miezi 3 au 4. Kabla ya hapo, kitu humfikia kwa mkono wa mtu au kutoka kwenye alichovaa. Ndiyo maana sikuanza na sakafu.

Nguo nilizikagua moja moja, kila kifungo nikakivuta kwa nguvu, kilicholegea nikakitoa. Pini niliacha kabisa kuzitumia. Chuchu ya chupa naivuta na kuitazama kwenye mwanga kabla ya kila mlo, na yenye ufa naitupa. Anayempakata huvua hereni na mkufu. Ila wa kuangaliwa zaidi ni kaka au dada yake ambaye naye bado mtoto, na kwa mapenzi tu humlisha mwenzake karanga au sarafu. Hawaachwi wawili peke yao.

Kinachonitisha kuliko vyote ni betri ndogo za duara, za saa na rimoti. Ikikwama kwenye umio, yaani njia ya chakula, umeme wake hutengeneza alkali inayounguza nyama ndani ya saa 2, hata betri iliyokwisha nguvu.

Dalili za kumeza kitu: aliyekuwa ananyonya vizuri anakataa ziwa ghafla, anatokwa na udenda mwingi, anakohoa, anatapika, anapumua kwa sauti, au mate yana damu. Kucheua ni kawaida ya vichanga. Cha kushtua ni mabadiliko ya ghafla. Akitulia baada ya kukohoa, bado si salama. Nenda hospitali mara moja, ukibeba kitu kinachofanana na kilichomezwa, kwani plastiki kwa kawaida haionekani kwenye eksirei. Usimtapishe, usimnyonyeshe, usimpe asali, wala usiingize kidole kukitafuta usichokiona, utakisukuma ndani.

Akiwa anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kulia au kupumua, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, taya umelishika. Mpige mara 5 kati ya mabega kwa kiganja, upande wa kifundo. Mgeuze, umbonyeze mara 5 katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Rudia. Tumbo usilibonyeze, ini lake ni rahisi kuumia. Akilegea na kupoteza fahamu, anza kumfufua, yaani kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi, huku mwenzako akiita msaada. Hata kitu kikitoka, daktari amwone: huenda kipande kimebaki.